Kalkuleta Yenye Kifungo cha Shati

Kwenye hadithi hii mjinga ni mimi. Nasema mapema ili msihangaike kumtafuta mwingine, maana nyie vijana wa meza za simu pale Kagongwa nawajua, mnaanza kucheka kabla hamjajua mnamcheka nani. Mchekeni Doto. Ameshazoea.

Nimestaafu. Nikisema hivyo watu wananitazama kichwani wakitafuta mvi, hawazioni, wananitazama mdomoni, meno yote yapo. Nikiongeza kwamba kazi yangu ilikuwa ya vikokotoo, wananipa pole kabisa, wanadhani nalalamikia kile kikokotoo cha mafao ya uzeeni. Hapana jamani. Nilikuwa fundi wa kalkuleta, hizi za mkononi. Sasa nimeacha meza, nimehamia kwenye mashine ya baba mkwe ya kukoboa mpunga. Kule hakuna kitufe hata kimoja. Kuna mkanda, pumba na kelele, na mimi kelele nilikuwa nazo tayari. Mmeniomba niandike kazi ilivyokuwa. Mimi ni wa darasa la saba, kwa hiyo nitaandika ninavyoongea. Anayetaka Kiswahili cha kupiga pasi akamtafute mwalimu, tena mwalimu mwenyewe yumo humu humu, tutamfikia.

Nilipomaliza shule mama alinishika mkono akanipeleka kwa Mzee Maduhu. Huyu mzee zamani alifanya kazi Mwadui, ofisi ya vipimo huko mgodini, na alipotoka alirudi na mapenzi ya kalkuleta kama mtu mwingine anavyorudi na mke. Meza yake ilikuwa chini ya bati la duka la mbolea, pale pale mlipo nyie sasa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, akanisukumia kalkuleta moja.

"Imekufa. Ifufue."

Nikajiona daktari. Nikatoa skrubu zote. Springi moja ikaruka ikaenda kwa kuku, na kuku akaichukulia kama chakula. Nikafuta, nikapuliza, nikainusa hata. Mzee anakula michembe yake, viazi vya kukaushwa, taratibu, ananiangalia tu. Jua lilipofika utosini nikamwambia, mzee, hii tuizike. Akajifuta vidole, akaigeuza mbele, akabandua stika ya timu ya mpira ambayo mtoto wa mtu aliibandika juu ya kile kioo kinachokula mwanga. Mwanga ukaingia, sifuri ikatokea, inanicheka.

"Umempasua mgonjwa tumbo," akasema, "kumbe alikuwa amefunikwa uso."

Ndiyo siku yangu ya kwanza kazini. Jioni nikamfukuza yule kuku.

Vifaa vyetu mnavijua, maana mlikuwa mnaniibia. Bisibisi za saa. Kifutio cha penseli, cha kusugulia njia za umeme zikiota uchafu, na hakuna dawa ya dukani inayokishinda. Siki ya kuondoa ukungu wa betri zilizovuja. Chelewa ya ufagio na spiriti kwa kona ambazo kidole hakifiki. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ya kukunja na kuweka pale springi ilipochoka, na ndiyo sababu nilikuwa rafiki wa wavutaji wote wa stendi bila kuvuta. Na dawa ya meno kwa vioo vyenye mikwaruzo. Kwangu dawa ya meno ilikuwa inaisha haraka, na mke wangu hakuelewa, kwa sababu aliniona asubuhi ninavyopiga mswaki, mara mbili tu nimemaliza.

Kazi ilikuwa na misimu. Mpunga ukivunwa, zinakuja kalkuleta za kusema, zile zenye sauti ya dada mmoja anayetaja kila namba utakayobonyeza. Sokoni msimu huo yule dada anaongea kuliko madalali. Halafu wenyewe wananiletea kwa siri: "Doto, mzibe mdomo huyu, jirani anasikia hesabu zangu." Mitihani ikikaribia wanakuja wanafunzi, maana simu haiingii chumba cha mtihani, na kila mmoja eti yake imeharibika jana tu, wakati ndani nakuta buibui ana familia.

Halafu kuna wapenzi. Hawa ndio walionifanya nikae miaka yote hiyo. Mpenzi wa kalkuleta unamjua hivi: yake imeshapona, amekabidhiwa, lakini haondoki. Anavuta kigoda. Anauliza ya mwenzake ina shida gani. Anaomba aibonyeze kidogo tu asikie vitufe vyake vinaliaje. Siku ya gulio walikuwa wanajaa pale kama wako kilabuni, wanabishana kama namba nyekundu zinazowaka ni bora kuliko namba nyeusi, mpaka mwenye duka la mbolea anauliza kama kuna msiba. Mkubwa wao alikuwa Mwalimu Jilala, mstaafu wa Mhunze, mstaafu wa kweli wa mvi, siyo kama mimi. Nyumbani kwake ana kabati la kioo ambalo watu wengine wangeweka vikombe vya harusi, yeye kaweka kalkuleta, kila moja juu ya kitambaa cha kufuma. Yeye ndiye aliyetufungulia kundi la kwenye simu. Ndiyo, tunakutana kwenye simu kusifia kitu kilichouawa na simu. Salumu, kati yenu vijana wa simu wewe ndiye uliyelicheka hilo kwanza, nakumbuka.

"Doto, hii simu inafanya hesabu zote hizo, na picha inapiga," uliniambia.

"Sawa. Na katikati ya hesabu inakuletea meseji ya kukukopesha. Kalkuleta haina shida na maisha yako."

Tulicheka, lakini wateja walikuwa wanapungua kweli. Macho ya Mzee Maduhu yakagoma, akarudi kwao kupumzika, akaniachia meza na gunia la kalkuleta maiti kwa ajili ya spea. Mwalimu alikuwa akiliangalia lile gunia anasikitika. "Tukiondoka sisi, Doto, hivi vyote vitaishia kwa wanunua plastiki." Kwake yeye kitu kikiokolewa kinawekwa kabatini. Kwangu kikiokolewa kinang'arishwa. Kumbe wote wawili kuna jambo hatukulijua, na ndipo ninapoingia kwenye ujinga wangu niliowaahidi.

Mwaka jana, kiangazi, akaja Mama Kabula kutoka Katoro. Ni mnunuzi wa dhahabu, ana banda lake karibu na mialo, kule mawe yanakosagwa na kuoshwa. Meza ya kupimia ya hapo bandani aliianzisha na marehemu mumewe. Akanifungulia kanga, ndani kalkuleta. Jamani, niliwahi kuona kalkuleta mbaya, ila hii! Sifuri imefutika kabisa. Saba imebaki mkia. Na kwenye tano hakuna kitufe, kuna kifungo cha shati cha kahawia, kimegandishwa na gundi, matundu mawili yananikodolea.

"Fundi, nane yangu imekuwa sita," akasema. "Na tisa inakuwa tano."

Nikaelewa pale pale. Utepe unaopeleka umeme kwenye kioo umeachia, namba zinakatika mguu. Kwa muuza vitumbua si neno. Kwa Mama Kabula ni vita. Kule dhahabu inapimwa kwenye mzani, halafu inaning'inizwa kwenye maji inapimwa tena, ule uzito wa kwanza unagawanywa kwa kilichopungua. Jibu ndilo linalosema dhahabu ni safi au ina mchanganyiko. Kumi na nane ikisomeka kumi na sita, mchimbaji aliyekaa chini ya ardhi mwezi mzima anakuona wewe ndiye mwizi wake.

"Wiki hii vijana wa duara la Masanja wanapandisha mawe yao," akasema. Duara ndilo shimo lao. "Wamechimba muda mrefu bila kitu, sasa wamegonga. Wakihama meza yangu, na wengine watahama, nitafunga. Mbele yangu kuna kijana ananunua kwa hesabu za simu, anawasubiri tu. Nirudishie nane yangu. Na tisa. Basi. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Masikio yalisikia kweli. Mikono ndiyo haikuwepo kwenye mazungumzo.

Akaenda kulala kwa dada yake Kahama. Mimi nikaupasha utepe moto na pasi ya risasi, polepole, nikaukandamiza kwa kifutio. Nane ikarudi nzima. Kazi ikaisha hapo. Mwenye akili angefunga skrubu. Mimi nikaliangalia lile ganda, nikaliangalia gunia langu la maiti, nikakumbuka mle ndani kuna ndugu yake wa tumbo moja, ganda safi, vitufe vipya kabisa. Nikasema huyu mama kapata tabu, acha nimfurahishe. Nikahamisha matumbo yote. Kioo nikakipiga dawa ya meno mpaka unaweza kunyolea ndevu.

Mwalimu Jilala alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Akaokota lile ganda la zamani lenye kifungo.

"Hili?"

"Takataka, mwalimu."

"Usilirudie hilo neno mbele yangu." Akalifunga kwenye leso yake, akaondoka nalo kwenda Mhunze, ana furaha kama kapewa mjukuu.

Asubuhi Mama Kabula akaja. Akaishika, akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma.

"Ya kwangu iko wapi?"

"Ndiyo hiyo mama."

"Kifungo?"

"Nimekutoa aibu mama," nikasema, natabasamu meno yote.

Gari lake lilikuwa linapiga honi. Akaifunga kwenye kanga, akaondoka bila kuniaga. Nikasema moyoni, furaha imemzidi.

Jumamosi akanipigia. "Fundi, njoo Katoro."

"Imeharibika tena?"

"Njoo useme wewe. Mimi wamekataa kunisikia."

Njiani akili zangu zikafanya kazi, na zikifanya kazi zenyewe huwa kuna hasara. Nikajiambia tatizo ni kile kifungo tu, wamekizoea. Nikakata kifungo cha shati langu, la bluu, kizuri kinang'aa. Gundi ninayo mfukoni. Nilipofika, hata kabla ya kukaa, nikakibandika juu ya tano, nikaiweka mezani kama kuku wa kuchoma.

Wachimbaji walikuwa wamekaa kwenye magogo nje ya banda, vumbi la mawe mpaka kwenye kope. Dhahabu ilikuwa mfukoni mwa Masanja, mkubwa wao, bado haijauzwa. Ng'ambo ya njia yule kijana wa simu anafuta kiti chake kwa kitambaa. "Karibuni huku wazee," anaita, "huku hakuna mitambo ya gereji."

Masanja akaangalia kile kifungo changu, akaangalia kifua changu pale shati lilipoachama.

"Hiki cha nani?"

"Cha kwangu kaka. Kile cha kwanza..."

"Kile cha kwanza kilikuwa cha Baba Kabula. Kitufe kilipotea kwenye matope hapo hapo ulipokanyaga, watu tumesimama na mali mkononi, akakata kifungo cha shati lake ili mtu asirudi bila kuuza. Mpaka anakufa alikuwa anatembea kifua wazi kama wewe hivyo." Wenzake wakacheka, ila siyo kwa furaha. "Sasa wewe umekufa?"

"Bado kaka."

"Basi toa kifungo chako."

Nikakibandua. Nikajitetea. Nikamwambia mashine ni ile ile, matumbo ni yale yale, nikapiga mbili jumlisha mbili wakaona nne.

"Hata mwizi anajua mbili na mbili," Masanja akasema. "Sikiliza fundi. Kwenye meza hii mayu, mama yetu huyu, akishapima, anaisukuma kwako mwenyewe, unapiga mwenyewe. Kila mtu hapa amepiga. Sifuri ile unadhani ilifutwa na nani? Tumeifuta sisi, kwa vidole hivi. Ukituletea ambayo haijaguswa, sisi tutajuaje ilikotoka?"

Nikakitia kifungo changu mfukoni.

Mama Kabula alikuwa amesimama na mikono kwenye beseni lake la maji ya kupimia, kama anaosha kitu ambacho hakimo. Akasema, "Masanja baba, nipe mpaka Jumanne."

Masanja akawatazama wenzake. Wawili wakainuka pale pale na mafungu yao, wakavuka barabara, yule kijana wa simu akawavutia viti. Masanja akabaki. "Jumanne, mayu. Jua likizama tunavuka na sisi. Siyo kwa ubaya."

Nikaenda Mhunze sijala, nikafika Jumapili. Mwalimu akanikaribisha, na nikaiona kwa mbali: kabati la kioo, rafu ya katikati, kitambaa kipya cha kufuma, na juu yake lile ganda. Alishalitia matumbo mengine. Linafanya kazi.

Nikamsimulia yote. Akavua miwani.

"Hapa itaishi, Doto. Kule itachakaa mpaka iishe."

"Mwalimu, kule ndiko ilikochakaa ikawa hivi ulivyoipenda."

"Nilijua utakuja na maneno."

"Sina maneno. Kuna mama anafunga meza keshokutwa."

Akalifungua kabati taratibu sana, mtu angedhani ndani kuna mtoto amelala. Akaitoa, lakini hakunipa. Akaiweka mfukoni kwake, mfuko wa shati, upande wa moyo. "Wewe na vitu vya watu sikuamini tena. Twende wote."

Jumanne tulifika Katoro mchana. Mwalimu ndiye aliyesema nisitengenezee ndani. Tukaitoa meza nje, juani, mbele ya wote, hata wale wa ng'ambo wakasogea kutazama. Nikafungua zote mbili. Kila skrubu niliyotoa nilimpa Masanja aishike kiganjani, na kila mara ananiuliza hii ya wapi, namjibu. Nikawaonyesha matumbo ya mashine yao, alama ya kutu pale betri ilipowahi kuvuja, nikayatoa kwenye lile ganda la kung'aa nikayarudisha kwenye ganda lao.

Nikafunga. Nikabonyeza, nikamsogezea Mama Kabula. Yeye hata hakuigusa, akaisukuma kwa Masanja.

Masanja akapangusa kidole kwenye suruali, akabonyeza kifungo. Ikaandika tano. Akabonyeza nane, ikawa nane. Akairudia tena, akawaonyesha wenzake. Halafu akaingiza mkono mfukoni akatoa kikaratasi chenye dhahabu, akakifungua juu ya mzani. Mama akapima, akaning'iniza kwenye maji, akapima, akazisoma namba zote mbili kwa sauti. Masanja akapiga mwenyewe. Kumi na nane na kitu. Mtu mmoja nyuma akapiga mluzi.

Wale wawili waliovuka hawakurudi, na siwezi kuwadanganya kwamba walirudi. Mpaka leo nasikia wanauza kwa yule kijana, na si mtu mbaya, anapima vizuri tu. Lakini waliobaki walibaki, na meza ipo.

Mwalimu aliomba kitu kimoja, aibonyeze mara moja kabla hatujaondoka. Akabonyeza kile kifungo, akasikiliza, akaifuta ile tano, akaisukuma kwa mama. Siku hiyo hakutuma picha kwenye kundi, na mnajua mwalimu hata kalkuleta ya muuza nyanya huwa anaituma.

Tangu hapo mpaka naacha meza nilikuwa natengeneza mwenye kalkuleta akiwepo, na kila nilichotoa namrudishia, hata skrubu yenye kutu. Nyie wa simu mnaweza kuona ni ushamba. Nawaomba mjaribu. Mteja akikwambia nane, fanya nane. Na mkiniuliza hizi kalkuleta zitaendelea mpaka lini, mimi sijui. Za mwalimu zitakaa kabatini, watu wataenda kuziangalia, na ni vizuri ziwepo mahali. Vijana wawili wa sekondari wameingia kwenye kundi mwezi uliopita, wanabishana kuhusu namba nyekundu kama wazee. Ila kama kuna moja naiwekea dhamana, ni ile inayosukumwa kutoka mkono mmoja kwenda mwingine pale Katoro.

Jumanne ile jioni Mama Kabula alitusindikiza mpaka barabarani. Mwalimu akatangulia kupanda gari. Mimi nikabaki nyuma, natafuta namna ya kuomba msamaha ambayo ina kichekesho ndani, kwa sababu ile ya kawaida sikuwa nimejifunza. Nikaanza, "Mama, kuhusu ile aibu niliyokutoa..."

Akanikata. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu.

"Fundi, siku nikiondoka mimi, hii itabaki kwa Kabula. Akikuletea, mtengenezee. Ila usiioshe."